Neno Moja Kwenye Kitabu cha Maziwa

Nilirudi darasani nikiwa na wajukuu wanne, na nilirudi kwa sababu niliambiwa nisiporudi nitatolewa kwenye kazi ya kupokea maziwa. Siwezi kusema nilikuwa na hamu ya kusoma. Nilikuwa nimechoka. Mtu akisimama kwenye saruji baridi ya Kitale kila alfajiri, miaka na miaka, miguu huanza kumdai jioni, na kichwa nacho huzoea njia yake moja, hakitaki kuonyeshwa nyingine.

Nafanya kazi kwenye kituo cha kupoza maziwa cha chama chetu cha ushirika, nje kidogo ya mji. Wakulima huleta maziwa kwa baiskeli, kwa pikipiki, wengine kichwani. Mimi nafungua mfuniko, nanusa, nakoroga, natumbukiza kipimo cha kuonyesha kama mtu ameongeza maji, halafu nachanganya kidogo na spiriti kwenye kikombe. Yakikatika yanarudi nyumbani. Yakitulia yanaingia kwenye tangi. Kisha naandika kitabuni: nambari ya mwanachama, lita, na pale mwisho wa mstari kuna nafasi ya maelezo. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hivyo maelezo yangu huwa neno moja tu. Moshi. Nyasi. Povu. Imelala.

Imelala, kwetu Matulo, upande wa Webuye, ni maziwa yaliyokamuliwa jioni yakalala mpaka asubuhi. Kwa Kiswahili cha mwalimu ningeandika yamelala, hilo najua, lakini kwetu kila mtu husema imelala. Si maziwa mabaya. Ukiyaweka kwenye beseni la maji, na baridi ya Kitale hainunuliwi, yanaamka mazima kabisa. Nilikuwa naandika hivyo ili anayeangalia tangi ajue ayapeleke mapema. Sikuwa na maana nyingine.

Kulikuwa na mwanachama mmoja, bibi mzee ambaye watu wake walitoka Mkoa wa Kati zamani wakanunua shamba hapa Trans-Nzoia. Sote tulimwita shosho, kama wajukuu wake. Alikuwa mtu wa kusema ukweli mpaka unachoka naye. Kabla sijagusa mfuniko ananiambia, "Hii ni ya jana jioni, mama. Leo mkono umekataa kukamua." Napima, naona iko sawa, naipokea, naandika imelala. Mara tatu niliandika hivyo kwa nambari yake. Lazima niseme pia kwamba wengi walileta ya jioni, wakichanganya na ya asubuhi na kuninyamazia. Mtu asiyesema ningemwandika nini? Kwa hiyo neno hilo lilionekana kwake peke yake.

Halafu siku moja kiwanda kikarudisha lori zima, wakasema maziwa yamechacha. Kamati ilitaka kujua yametoka kwa nani. Kitabu changu kikapelekwa ofisini kwa meneja, kikapekuliwa, na mwezi huohuo, kwenye mkutano wa wanachama, jina la shosho likasomwa mbele ya watu: ameondolewa chamani kwa kuleta maziwa yaliyochacha, mara tatu. Mimi nilikuwa nyuma, namimina chai kwenye vikombe. Nilisikia vizuri. Nilishangaa, maana sikukumbuka kumpokea maziwa ya namna hiyo hata mara moja. Lakini nikajiambia kiwandani kuna mashine, na kwenye kamati kuna watu waliosoma, wameona kitu ambacho pua yangu haikuona. Sikuuliza. Niliendelea kumimina. Shosho alisimama, akachukua kikapu chake, akapita karibu nami bila kuniangalia.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Sikuwa na usiku wa kukosa usingizi kwa ajili yake, na sitajifanya kwamba nilikuwa nao. Nilisahau.

Mwaka huu kiwanda kikasema kila anayegusa maziwa lazima apitie mafunzo na awe na cheti. Meneja wetu, ambaye kifungua mimba wangu ni mkubwa kwake, aliniita ofisini.

"Mama, utaenda Bungoma siku tano. Chama kikitaka kukua lazima watu wake wajifunze, hata wale wa zamani."

"Bosi, mimi nilifunzwa na pua yangu."

"Pua haina cheti, mama."

Hapo hata mimi nilicheka.

Semina ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, mjini Bungoma. Nililala kwa dada yangu Matulo na kwenda kila asubuhi. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyestaafu kutoka ofisi ya ushirika, mwenye sauti ya chini na suruali iliyopigwa pasi ikasimama. Siku mbili za kwanza sikuelewa hata nusu. Kosa halikuwa lake. Alieleza pole pole, alirudia, na alinizunguka mara mbili kuangalia daftari langu. Mimi ndiye niliyekuwa nasinzia, na nikiamka naona ubaoni kuna mambo yameandikwa ambayo sikuyaona yakizaliwa. Nilinakili tu. Niliandika "chama kinachojifunza" kisha nikapiga mstari chini, kama wengine, bila kujua chama kinajifunzaje, kwa sababu chama hakina kichwa.

Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mwanamume mmoja anayepokea maziwa kituo cha Ndalu. Mtu wa mzaha. Aliniuliza kama darasa la saba langu lilikuwa lile la zamani la kalamu ya wino, nikamwambia ndiyo, na viboko vilikuwa vya zamani pia.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Tulikuwa tumeambiwa kila mtu aje na kitabu cha kupokea maziwa kilichojaa, na meneja alinipa cha miaka miwili nyuma kwa sababu ndicho kilikuwa juu kabatini. Mwalimu akatuambia tubadilishane.

"Msome kama nyinyi ndio meneja," alisema. "Mwenye kitabu anyamaze. Semeni mngeamua nini kwa yale mliyoyaona yameandikwa, basi."

Wa Ndalu alipata changu. Alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akasimama.

"Mwalimu, huyu mama anaandika vizuri, hata mimi namwonea wivu. Lakini kuna mwanachama hapa." Akataja nambari. "Imelala. Baadaye tena, imelala. Mwezi huohuo, imelala. Mimi huyu ningemfukuza mara ya pili. Mtu analeta maziwa lala, yameshaganda, kwa kituo, si angepeleka kwa hoteli watu wakule na ugali?"

Watu walicheka. Mimi nikasahau kwamba niliambiwa ninyamaze.

"Hiyo nilipokea," nikasema.

"Ati ulipokea mala? Basi mama tukufukuze pamoja naye."

"Si mala. Imelala. Ni ya jioni."

"Sasa ya jioni si ungeandika ya jioni, bana?"

Mama mmoja aliyetoka Sirisia akanitetea kutoka benchi la mbele. "Hata kwetu ni hivyo. Imerara ni ya jana jioni. Iko sawa tu."

"Imerara ama imelala?" wa Ndalu akamuuliza.

"Si ndiyo nimesema hivyo. Imerara."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mwalimu alingoja kikaisha. Hakucheka sana, ila hakukasirika. Aliuliza ni wangapi wanasoma neno hilo kama ya jioni, na mikono ikainuka. Akauliza ni wangapi wanasoma kama maziwa yaliyochacha, yaani lala, na mikono mingine ikainuka, karibu sawa na ya kwanza. Akaliandika neno ubaoni, akachora mishale miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia.

"Hapa hakuna mjinga," alisema. "Aliyeandika yuko sawa, na aliyesoma yuko sawa. Sasa fikirieni kituo chenu. Mtu ameandika, mtu mwingine amesoma, na hakuna aliyemuuliza mwenzake miaka yote hiyo. Kujifunza kwa chama huanzia hapo."

Yeye alikuwa anatoa mfano. Hakujua habari za shosho. Lakini mimi nambari ile niliijua ilipotajwa, na mara ile ya tatu ilipotajwa nilikuwa nimeshaona mkutano, na birika, na kikapu kikipita. Shosho aliondolewa kwa sababu aliniambia ukweli nami nikauandika kwa neno la kwetu.

Wakati wa chai wa Ndalu aliniletea kikombe.

"Mama, usinikasirikie. Nilikuwa natania tu."

"Sijakasirika. Ulisoma vizuri. Hata meneja wangu alisoma hivyohivyo."

Akaacha kutafuna mandazi. "Huyo mwanachama alifukuzwa?"

"Alifukuzwa. Mbele ya watu."

"Na sasa utasema, ama utanyamaza?"

"Nikisema wataniambia sijui kuandika."

"Na kweli hujui," alisema, pole pole, si kwa kunitukana. "Hata mimi sijui. Si ndiyo sababu tumeletwa hapa."

Siku ya mwisho tulifanya mtihani, nikapita, si kwa alama za kujivunia. Kisha mwalimu akatupa karatasi tupu na kusema kila mtu aandike jambo moja ambalo chama chake kinafaa kujifunza, ampelekee meneja. Wengine walijaza ukurasa. Mimi niliandika mistari sita, na nikatumia karibu saa nzima, kwa sababu kila neno nililolishika niliogopa lina mishale miwili.

Meneja alifurahia cheti. Alikitoa kwenye bahasha, akakiinua kwenye mwanga. Nikampa na ile karatasi. Aliisoma mara mbili, kisha akainuka akafunga mlango.

"Mama, kwa nini unaniletea hii?"

"Mwalimu alisema tulete."

"Kamati watauliza nani aliandika na nani alisoma. Mimi ndiye nilisoma. Ni mimi niliwapelekea hilo jina."

"Na mimi ndiye niliandika."

"Unajua wanaweza kukutoa pale mbele wakuweke kuosha mikebe."

"Najua."

Alisugua macho. Nataka kumtendea haki hapa. Si mtu mbaya. Wakati ule kiwanda kilikuwa kinatishia kutuacha, na alikuwa hana hata mwaka kwenye kiti. Akasema, "Tufanye hivi. Tunabadilisha kitabu. Tunaweka nafasi ya kuandika maziwa yamekamuliwa lini. Mtu yeyote akisoma anaelewa. Hiyo si ndiyo kujifunza? Ya nyuma tuiache."

Nilikubali nikatoka. Siku kadhaa nilizunguka na jibu lake, na kila nikiligeuza naona lina ukweli. Kitabu kipya kingemlinda kila mtu atakayekuja. Ila hakingemfikia shosho. Kwake mambo yangebaki vile yalivyosomwa.

Jumapili baada ya kanisa nilienda kwake. Alikuwa nje ya jikoni anachambua maharagwe kwenye ungo, na mke wa mwanawe alikuwa ndani anapika. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza yote: neno, semina, mikono iliyoinuka ukumbini. Alichambua mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo maziwa yangu haikuwa mbaya."

"Hapana, shosho. Ilikuwa ya jioni tu. Ulivyoniambia."

"Huo mtungi nimeusugua na jivu, nikausugua na majani, nikanunua sabuni ya unga. Nikasema labda ni mkono wangu unachachisha. Huyu hapa," akaonyesha jikoni kwa kidevu, "aliacha kutia maziwa yangu kwa chai ya watoto. Simlaumu. Hata mimi niliacha kuyanywa."

Jikoni mwiko ulinyamaza.

"Halafu nikasema labda si maziwa," akaendelea. "Labda ni vile sisi tulikuja hapa, hatukuzaliwa hapa."

"Si hivyo, shosho."

"Sasa mimi ningejuaje? Hakuna mtu aliniambia ni neno."

Nilimwomba msamaha. Nilitafuta maneno mazuri zaidi sikuyapata. Akaweka ungo chini.

"Mama wa maziwa, mimi sitaki pole ya hapa jikoni. Nilisomwa mbele ya watu. Nataka nisomwe tena mbele ya watu."

Nikarudi kwa meneja. Nilimwambia nitasema kwenye mkutano, aniruhusu au nisimame bila ruhusa, ingawa hilo la pili sidhani ningeliweza. Akapeleka karatasi yangu kwa kamati. Hakuiongeza wala kuipunguza, nilikuja kujua baadaye.

Kwenye mkutano nilipewa nafasi katikati ya mambo mengine. Shosho alikaa karibu na mlango, mke wa mwanawe kando yake. Nilisema niliandika imelala nikiwa na maana ya maziwa ya jioni, kwamba nililipima na kulipokea kila tone, kwamba siku jina lake liliposomwa nilishangaa na sikuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Yaliisha upesi. Halafu meneja akasimama, jambo ambalo sikulitarajia, akasema yeye ndiye aliyesoma bila kuuliza, na kwamba maziwa ya lile lori yalichacha kwa sababu ambayo mpaka leo hatuijui. Mwenyekiti akatangaza shosho amerudishwa chamani. Watu wakapiga makofi, si mengi, kisha mzee mmoja akauliza chakula cha ng'ombe kitaletwa lini, na mkutano ukaendelea na chakula cha ng'ombe.

Mimi nilipelekwa kuosha mikebe mpaka mwisho wa mwaka. Sina neno na kamati. Anayepokea sasa ananiita mara kwa mara ninuse, nanusa, anaandika yeye, kwenye nafasi mpya yenye saa ya kukamua.

Nilidhani yameisha. Wiki moja baada ya mkutano meneja alinipa nakala ya kumbukumbu za mkutano nimpelekee shosho, kwa sababu napita njia hiyo nikienda nyumbani. Macho yake hayaoni vizuri, akaniomba nimsomee. Nikasoma: "Imethibitishwa kwamba maziwa ya mwanachama huyu hayakuwa yamelala."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hapo wameandika uongo," akasema. "Maziwa yalilala. Mimi mwenyewe nilikuambia ni ya jana jioni. Wakisema hayakulala, basi mimi nilikudanganya."

Miguu ilikuwa inaniuma. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na kwangu bado ni mbali. Nikamwambia, "Shosho, watu wataelewa tu."

"Hata lile neno la kwanza ulidhani wataelewa."

Hakusema kwa ukali. Alinirudishia karatasi akaingia kufunga kuku. Nilisimama pale uani nikitafuta namna ya kutorudi, na sikuiona. Nikarudi kituoni, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu yangu hii. Meneja alikuwa tayari amebeba mkoba, ufunguo mkononi.

"Lakini tumemsafisha, mama. Anataka nini tena?"

Nikamwonyesha mstari. Nikamweleza alivyosema. Alisoma, akasoma tena, na nikaona mahali palipomgusa, kwa sababu mabega yake yalishuka. Neno lilelile, na safari hii yeye ndiye aliyeliandika. Akafungua mlango, akaweka mkoba juu ya meza, akatoa karatasi safi.

"Sema pole pole."

"Yalikuwa ya jioni," nikasema. "Hayakuwa chachu."

Akaandika. Kalamu ikasimama kwenye neno la mwisho, akainua macho.

"Chachu," akaniuliza, "huko kwenu ni nini hasa?"

Nikavuta kiti nikakaa.